Kabla ya kulaumu sensa ya oksijeni: maandalizi ya kupima mzunguko wa hita

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma hitilafu ikaonyesha kodi (namba ya hitilafu) P0135, wengi hukimbilia kununua sensa mpya ya oksijeni. Kodi hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari haijaridhika na mzunguko wa umeme wa hita, yaani kipasha joto kilichomo ndani ya sensa, na ndani ya mzunguko huo kuna fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya, plagi ya kuunganishia waya za sensa, hita yenyewe, na sehemu ya kompyuta inayoipatia hita ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Sensa ni mshukiwa mmoja tu kati ya hao, na inastahili kupimwa kabla ya kuhukumiwa.

Anza na karatasi. Andika kodi zote pamoja na takwimu zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea, na usifute chochote kwa sasa. P0135 ni sensa ya kwanza upande wa 1, P0141 ni ya pili upande huohuo. P0155 na P0161 ni za upande wa 2. Upande wa 1 ni ule wenye silinda namba 1, uwe wa kulia au wa kushoto. Sensa ya kwanza hukaa kabla ya katalaiza (kisafisha moshi kwenye ekzosi), ya pili baada yake. Kodi za hita zikitokea mbili au tatu kwa mpigo, nenda kwenye fyuzi na relei kwanza, kwa sababu ni nadra hita kadhaa kufa siku moja.

Tafuta mchoro wa waya wa gari hilohilo. Kwenye sensa ya waya nne, waya mbili za rangi moja kwa kawaida ndizo za hita, lakini thibitisha kwenye mchoro. Sensa yenye waya tano au zaidi ina taratibu zake, usiipime kwa mazoea ya ile ya waya nne. Na kamwe usipeleke volti 12 kwenye waya za ishara, zile zinazopeleka kipimo cha sensa kwenye kompyuta.

Injini iwe imepoa kabisa. Ekzosi inaunguza, hilo kila mtu analijua. Lakini pia ukinzani wa hita hupanda inapopata joto, kwa hiyo kipimo cha sensa ya moto kitakupotosha. Katika joto la nyuzi 20 hivi, hita nyingi husoma kati ya omu chache na 15. Kiwango halisi kipo kwenye kitabu cha gari. Kwanza gusanisha ncha za maltimita (kifaa cha kupimia umeme) uone waya zake zenyewe zinasoma ngapi, kisha toa kiasi hicho: nusu omu si kitu kidogo unapopima omu nne. Pima pia kati ya pini za hita na chuma cha sensa. Hapo pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, umempata anayeunguza fyuzi.

Sasa kifaa ambacho wengi hawakiandai: taa ya majaribio yenye balbu halisi, isiwe ya LED. Maltimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi, nawe utaapa kwamba umeme upo. Ukiutwisha mzigo wa hita, volti zinaporomoka. Chomoa plagi, weka balbu kati ya pini ya umeme na chuma cha injini: ikiwaka kwa nguvu, njia ya umeme ni nzima, ikififia, rudi nyuma kuelekea fyuzi. Halafu weka balbu ndogo ya wati 5 kati ya pini mbili za hita upande wa gari, injini ikiwa inanguruma. Ikiwaka au kumemeta, kompyuta inatoa ethi. Magari mengine hayapeleki umeme huko mpaka injini iwake, kwa hiyo soma mchoro kabla hujasema hakuna umeme.

Usisukume ncha nene ndani ya pini za plagi. Zikishatanuka hazishiki tena, na umetengeneza hitilafu mpya. Andaa ncha nyembamba za kuingilia nyuma ya plagi, pamoja na tochi ya kufuatia waya hadi unapopita karibu na ekzosi. Tafuta ganda lililoyeyuka na ukijani wa kutu ya shaba.

Gari likinyanyuliwa, likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Betri iwe imejaa.

Ikithibitika kuwa ni hita, uwe na soketi ya sensa, mara nyingi milimita 22, yenye upenyo wa kupitishia waya. Usikate waya na kuulehemu kwa risasi, kwa kuwa sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya hizo. Panga pia kulilaza gari usiku kucha baada ya kazi: mengi huipima hita pale tu injini inapowashwa ikiwa baridi, na taa kutowaka dakika kumi baada ya kufuta kodi hakuthibitishi kitu.