Kupima ucheleweshaji wa laini ya intaneti ukiwa Mbeya

Usipime kwa waifai. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, kisha piga ping (amri inayotuma pakiti ndogo ya data na kupima muda wa jibu kurudi) mara 100 kwenye ruta yenyewe, halafu kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Linux ni ping -c 100, Windows ni ping -n 100, ikifuatiwa na anwani. Majibu ya ruta yakizidi milisekunde 2 mfululizo, anza kukagua kebo yako kabla ya kumlaumu mtoa huduma.

Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kebo ikifuata barabara, Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830, hivyo kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 8. Ukipata 15, laini ni nzuri. Ukipata 200 usiku wa manane, huenda data inazungukia nje ya nchi; amri ya tracert (Windows) au traceroute (Linux) itakuonyesha njia inayopita.

Rudia huku mtu akipakua faili kubwa: namba zikipaa, foleni ya data kwenye laini imejaa, umbali hauhusiki.

Ripoti yenye wastani peke yake haifai kabisa. Majibu 99 ya milisekunde 15 na moja la 915 hutoa wastani wa 24! Andika kipimo cha chini, wastani, cha juu, pakiti zilizopotea, anwani na saa.