Jinsi ya kuomba kiwanja cha kambi Caddo Lake na hifadhi nyingine za jimbo la Texas

Waswahili tuko wengi Dallas, Fort Worth na Houston, na wengi wetu hatujawahi kulala hata usiku mmoja katika hifadhi ya jimbo, ingawa baadhi ziko mwendo wa saa mbili tatu kwa gari. Ninapouliza kwa nini, sababu mara nyingi si hela. Watu hawajui pa kuanzia. Basi tuanze, na mfano wetu uwe Caddo Lake, karibu na kijiji cha Karnack, mpakani na Louisiana. Ziwa lile limejaa misipresi mikubwa iliyosimama majini, matawi yake yakining'inia nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Alfajiri ukungu ukitanda, hutasikia kitu ila ndege na maji.

Hesabu watu kabla ya yote. Kiwanja kimoja cha kambi hupokea watu wasiozidi wanane, na sisi hatusafiri wanane: kuna shangazi, kuna binamu, kuna rafiki wa mtoto aliyeomba kuja Alhamisi jioni. Safari yangu ya kwanza, katika hifadhi nyingine, tulifika kumi na mmoja tukiwa na kiwanja kimoja. Askari wa hifadhi alimulika tochi ndani ya gari, akahesabu vichwa polepole, na mtoto aliyelala mapajani kwa mama yake akamhesabu. Kiwanja cha jirani kilikuwa wazi, tukakilipia palepale. Kingekuwa na mtu, watatu kati yetu wangerudi mjini usiku ule. Kwa hiyo mkizidi wanane, ombeni viwanja viwili vinavyopakana, na muombe siku moja, maana kiwanja cha jirani kikishachukuliwa hamtakaa pamoja.

Kisha chagua tarehe. Nafasi za kulala hufunguliwa miezi 5 kabla. Ukitaka kufika tarehe 10 Oktoba, siku yako ya kuomba ni tarehe 10 Mei. Wikiendi za majira ya kuchipua na za vuli huisha mapema, na kwa mtu wa hema hizo ndizo nzuri, kwa sababu Julai na Agosti joto la Texas halikuachi ulale. Ukichelewa usikate tamaa. Watu hughairi, hasa wiki moja au mbili kabla, kwa hiyo fungua ukurasa asubuhi na jioni. Kama kazi yako ina zamu, Jumapili hadi Jumanne huwa kuna nafasi tele.

Maombi yenyewe hufanywa kwenye tovuti rasmi ya hifadhi za jimbo, TexasStateParks.org, au kwa simu. Fungua akaunti kwa jina la mtu atakayekuwepo safarini, si la kaka anayebaki nyumbani kwa sababu tu kadi ya benki ni yake. Andika hifadhi, tarehe ya kufika na idadi ya usiku, kisha utaona aina za viwanja. Hapa nenda taratibu.

Kuna kiwanja chenye maji, umeme na bomba la maji taka. Hicho ni cha wenye magari ya kulala ndani, usikilipie kama una hema tu. Kuna chenye maji na umeme, na kwa familia yenye mtoto mchanga au mgonjwa anayetumia mashine usiku, hiki ndicho ninachokishauri. Kuna chenye bomba la maji peke yake, bei nafuu, kinawatosha vijana. Kuna pia vile vya kufika kwa miguu ukiwa umebeba kila kitu mgongoni. Wageni wa kambi waviache kwanza. Caddo Lake ina vibanda vyenye kuta za wavu wa mbu pia, na vyumba vya kukodi vilivyojengwa miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa kazi wa serikali wakati wa mdororo wa uchumi. Mama mzee asiyeweza kulala chini, mtafutie huko.

Ukibofya namba ya kiwanja, soma maelezo yake: kina kivuli? Choo kiko umbali gani? Sehemu ya hema ni tambarare au ya mteremko? Dakika kumi hapa zinaokoa usiku mzima.

Kabla ya kulipa elewa kwamba bei ya kiwanja si gharama yote. Kila mtu mwenye miaka 13 au zaidi hulipa kiingilio cha kila siku juu yake. Watoto wa miaka 12 kushuka chini huingia bure. Mkiwa watu wazima wengi na mnapenda kutembea, nunueni pasi ya mwaka. Inamwingiza bure mwenye nayo pamoja na wote walio naye ndani ya gari lilelile. Soma pia masharti ya kughairi, kisha lipa, na uhifadhi risiti iliyokuja kwa barua pepe. Ipige picha. Vijijini huko mtandao hukatika kabla hujafika getini.

Asiye na hema asijizuie. Idara ya hifadhi ina mpango uitwao Texas Outdoor Family: familia hulipia nafasi, hupewa vifaa vya kutumia, na hufundishwa kusimamisha hema na kupika nje.

Siku tatu kabla ya safari, angalia tena ukurasa wa hifadhi. Ukame ukizidi, wilaya hupiga marufuku moto wa wazi, na mliotegemea nyama choma mtahitaji jiko la gesi. Kuokota kuni msituni hakuruhusiwi. Nunueni karibu na hifadhi. Mkijua mtafika usiku, pigeni simu ofisini mchana muulize utaratibu wa geti. Jazeni mafuta na deli la barafu mkiwa bado katika miji ya Marshall au Jefferson, kwa sababu Karnack ni kijiji kidogo.

Sheria mbili huwashtua watu wetu: kunywa pombe hadharani ndani ya hifadhi ni kosa, na kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya. Hadithi semeni, lakini muziki usivuke kiwanja chenu. Chakula kifungieni ndani ya gari, rakuni wana mikono kama ya watu. Caddo Lake ina aligeta, jamaa wa mamba, kwa hiyo mtoto asichezee ukingoni peke yake.

Leteni ndoana. Ukivua ukiwa ukingoni au kwenye gati ndani ya hifadhi ya jimbo, huhitaji leseni ya uvuvi. Samaki wa asubuhi, chumvi na ndimu, wali uliobaki jana. Kuondoka mwisho ni saa 6 mchana. Anzeni kung'oa vigingi saa 4, na majivu myamwagie maji mpaka mkono ukigusa usione joto.