Usikae viti vya mbele

Ukienda kuona mashindano ya bendi za ngoma na tarumbeta Marekani, yale yasiyo na kikomo cha umri, usikimbilie viti vya mbele. Mimi nilikimbilia, nikaambulia kuona magoti na viatu. Panda juu, usawa wa mstari wa yadi 50, yaani katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wanamochezea; maumbo wanayochora kwa kutembea huonekana kutoka huko. Tena fika mapema, uzunguke maegesho wapiga ngoma wakipasha misuli. Utamkuta mzee mwenye mvi kando ya kijana wa rika la mjukuu wake, vijiti vyao vikishuka kama mkono mmoja. Kwangu hapo ndipo utamu wenyewe. Beba vizibo vya masikio, maana ngoma zile ndogo hulia kama mvua ya mawe juu ya bati.