Jinsi ya Kukokotoa Malipo ya Saa za Ziada kwa Mfanyakazi wa Mshahara wa Mwezi, Tanzania Bara

Katika kazi yangu ya kuandaa mishahara ya maduka na karakana ndogo, mabishano mengi kuhusu ovataimu hutokana na tarakimu moja tu, yaani mshahara wa saa moja, ambao mwajiri huupata kwa njia yake na mfanyakazi kwa njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kuamua njia ipi itumike.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba masharti ya saa za kazi yanamhusu mfanyakazi.

Udogo wa biashara haumwondolei mwajiri wajibu huu. Anayeachwa nje ni mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo kumpa muuzaji wa duka cheo cha meneja, ilhali hana hata mmoja anayemsimamia, hakubadilishi chochote.

Hatua ya 2: Tafuta mshahara wa saa moja.

Chukua mshahara wa msingi bila posho, kisha uugawanye kwa zao la 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi) na idadi ya saa za kawaida anazofanya kazi kwa wiki. Kwa anayefanya saa 45, ambazo ndizo kikomo cha kisheria, kigawanyo ni 194.985, na wengi wetu tunaoandaa mishahara hukikamilisha kuwa 195. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 anapata shilingi 2,000 kwa saa, na saa ya ziada, ambayo hailipwi chini ya mara moja na nusu, ni shilingi 3,000.

Waajiri wengi hugawanya mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 9. Kwa hesabu hiyo saa moja inakuwa shilingi 1,444 na saa ya ziada shilingi 2,167, hivyo mfanyakazi anapoteza zaidi ya shilingi 800 kwa kila saa, mara nyingi bila hila yoyote ya mwajiri, ambaye ameziweka ndani ya kigawanyo hata siku za mapumziko.

Hatua ya 3: Zitenganishe saa za kawaida na za ziada.

Hapa ndipo pa kutulia. Kikomo cha saa za kawaida ni siku 6 na saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku; vikomo vyote vinatumika kwa pamoja. Tuchukue duka linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Ukitoa saa moja ya mapumziko, ambayo mwajiri halazimiki kuilipia ikiwa mfanyakazi ameachiwa kweli (anayekula huku akihudumia wateja hajapumzika), zinabaki saa 9. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mfanyakazi ametimiza saa 45, na akiingia Jumamosi kwa ratiba hiyohiyo, saa zote 9 za siku hiyo ni za ziada. Hizo ni shilingi 27,000 kwa wiki, na wenye maduka wengi hawazihesabu kabisa kwa kuwa wanaamini Jumamosi imo ndani ya mshahara.

Isitoshe, saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika kila wiki 4, tena zifanywe kwa makubaliano. Jumamosi nne pekee zinakula saa 36 na kubakiza 14.

Hatua ya 4: Ongeza malipo ya usiku na ya siku za mapumziko.

Usiku kisheria huanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa yake huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Ikiwa ni saa ya ziada pia, asilimia hiyo hupigwa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Mfanyakazi wetu akibaki kuhesabu mali dukani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, atalipwa 3,000, tena 3,000, kisha 3,150, jumla shilingi 9,150. Hapo amefikisha saa 12 za kazi, na makubaliano hayawezi kumtaka azidishe. Kazi ya sikukuu ya kitaifa au ya siku ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili, yaani shilingi 4,000 kwa saa.

Hatua ya 5: Andika.

Daftari lenye saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi ya mfanyakazi kila siku linatosha. Kwenye hati ya mshahara, saa za ziada ziwe na mstari wake, kwani nazo hukatwa kodi ya mapato. Mfanyakazi naye atunze nakala yake, hata picha ya simu.

Hatua ya 6: Malipo yakikosekana.

Mfanyakazi aanze kwa kumwandikia mwajiri akionyesha hesabu yake. Ikishindikana, ajaze Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Zile siku 30 zinazotajwa mara kwa mara ni za madai ya kuachishwa kazi. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu, na nakala ya fomu ni lazima imfikie mwajiri.