Yaka mein: supu ya nyama na tambi ya New Orleans katika jiko la Arusha

Yaka mein ni supu ya nyama ya ng'ombe na tambi inayopikwa na Wamarekani Weusi wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, ambako huuzwa hata barabarani wakati wa maandamano ya muziki. Asili yake inabishaniwa: wapo wanaoihusisha na Wachina waliofika Louisiana katika karne ya 19, na wapo wanaodai kuwa ililetwa na wanajeshi Weusi waliorejea kutoka Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Huko husifika kwa kumrudishia mtu nguvu baada ya usiku wa pombe, sifa ambayo wanywaji wa Arusha huipa supu ya asubuhi, lakini hata asiyeonja pombe ataifurahia mwezi Juni na Julai, baridi inapokaza.

Kwa bakuli sita, nunua buchani kilo 1 ya nyama ya bega au kidari pamoja na nusu kilo ya mifupa. Steki haifai, kwa kuwa haina ile mishipa na utando unaolainika polepole na kuupa mchuzi uzito wake. Viungo vya Kikrioli, yaani vya mapishi ya Louisiana, changanya mwenyewe: vijiko vidogo 2 vya paprika, kimoja kimoja cha pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, oregano na zaatari kavu, na nusu kijiko cha pilipili kali ya unga. Usishawishike kuongeza bizari ya mchuzi. Ni nzuri mahali pake, ila hapa itafunika kila kitu.

Kata nyama vipande vikubwa, ikaushe kwa kitambaa safi, kisha ikaange kwa mafuta kidogo katika sufuria nzito, vipande vichache kwa wakati mmoja, hadi iwe ya kahawia pande zote. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na rangi ya mchuzi itapotea hapo hapo. Itoe, halafu katika mafuta yale yale kaanga vitunguu maji 2, pilipili hoho ya kijani 1 na mabua 2 ya seleri (celery), mboga tatu ambazo ni msingi wa mapishi mengi ya Louisiana. Zikishalainika, tia punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa na viungo vyote, koroga kwa dakika moja, kisha rudisha nyama, weka mifupa, mimina lita 3 za maji na vijiko vikubwa 4 vya soya sosi. Chumvi iache kwanza, kwa kuwa soya sosi ina chumvi nyingi na mchuzi utaendelea kupungua.

Supu ikianza kuchemka, engua povu, punguza moto hadi yaonekane mapovu machache tu, na ufunike nusu. Mapishi ya Marekani mara nyingi hutaja saa mbili, lakini mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukizingatia pia kwamba ng'ombe wetu wengi hutembea mbali kutafuta malisho, tenga saa tatu. Aliyeko Moshi, ambako ni chini zaidi, anaweza kuionja mapema kidogo. Presha kuka itafupisha kazi kwa zaidi ya nusu, ingawa kwa maoni yangu mchuzi wa sufuria huwa safi zaidi. Nyama ikichambuka kwa uma, itoe, uichambue, chuja mchuzi, na sasa ndipo uonje chumvi.

Tambi chemsha peke yake katika maji yenye chumvi. Zinazotumika New Orleans ni spageti za kawaida. Zile nyembamba za kupikwa na sukari zitavurugika. Ukizipika ndani ya supu, wanga wake utaufanya mchuzi kuwa uji mwepesi.

Katika kila bakuli weka tambi, nyama juu yake, mchuzi wa moto sana, nusu ya yai lililochemshwa hadi kukauka na majani mengi ya kitunguu yaliyokatwa. Soya sosi na pilipili yenye siki ziwe mezani, kila mtu ajiongezee. Wapo wanaotia pia tomato sosi, lakini utamu wake hauna kazi hapa.

Kitakachobaki kihifadhi kwenye friji kwa siku tatu, tambi zikiwa katika chombo chake. Mafuta yatagandia juu ya mchuzi, nawe utaweza kuyaengua kabla ya kupasha moto.