SUV ndogo ya zamani ughaibuni: pesa ya kwanza iende chini ya gari

Wakuu mlioko nje, swali la ninunue RAV4 au CR-V au X-Trail au Forester haliishi, na jibu langu halibadiliki: angalia chini ya gari kwanza, jina litafuata. SUV ndogo ya 2004 iliyotunzwa itakubeba miaka bila usumbufu, na nyingine ya mwaka huohuo, modeli hiyohiyo, rangi inang'aa mpaka unajiona, unaweza kukuta imeshaoza na hakuna fundi wa kuiokoa kwa hela ya maana. Kinachozitofautisha kwenye nchi za baridi ni kitu ambacho sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatukuzoea kukiwaza, nacho ni chumvi.

Msimu wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili zisigande barafu, tairi zinairusha pamoja na maji, inaingia kwenye kila upenyo wa bodi kwa chini na inakaa humo inakula bati taratibu. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari vaa nguo usiyoionea huruma, lala chini na tochi. Anza na ile sehemu ya bodi inayopita chini ya milango, gonga polepole kwa mpini wa bisibisi, bati zima linalia kavu na lililooza linatoa mlio mzito uliolegea halafu unga mwekundu unakudondokea mkononi. Ukimaliza hapo nenda nyuma, pale springi na shokapu zinaposhika, angalia fremu inayobeba difu na amu za nyuma, halafu fuata mabomba ya breki kwa kidole mpaka yanapopita juu ya tenki la mafuta, maana huko ndiko yanakooza wakati sehemu inayoonekana iko safi. Ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mbichi na gari ina miaka 18, mimi ningeondoka, lami juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kazi ya kuoza inaendelea bila mtu kuiona.

Uingereza wametusaidia sana hapa. Gari ikishafikisha miaka 3 (Ireland ya Kaskazini ni 4) inakaguliwa kila mwaka, ndiyo MOT, na matokeo ya miaka yote unayasoma bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya gari tu. Usiishie kuangalia kama ilipita. Soma yale maonyo madogo madogo, kama kutu imetajwa mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka uliotangulia, ujue hakuna aliyewahi kuishughulikia na zamu ya kulipa inakuja kwako. Kutu kubwa ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda wa kiti, springi au stering vinapofungwa, gari inafeli na dawa yake ni kuchomelea bati jipya, kiraka cha gundi hakikubaliki. Ujerumani ukaguzi ni kila miaka 2 na wakaguzi wake hawana mchezo, omba uone ile ripoti ya mwisho kabla hujatoa hata senti.

Petroli au dizeli? Kwa mtu wa mjini anayepeleka watoto shule na kwenda kazini kilomita 5, petroli, sina ubishi hapo. Dizeli za kuanzia kama 2009 hivi, Euro 5 ilipoanza Ulaya (Euro ni viwango vya moshi wa gari, namba ikipanda masharti yanakaza), zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, DPF, na hicho kichujio kinajisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali karibu nyuzi 600, joto ambalo gari ya safari fupi haifikishi, kwa hiyo kinajaa, taa inawaka, nguvu inaisha, na oili kwenye injini inaweza kuongezeka maana dizeli inayomwagwa kusaidia kuchoma inateremka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Dizeli ni ya mtu wa barabara kuu, anayekimbiza nusu saa au zaidi mara kwa mara. Na hata za zamani zaidi zisizo na kichujio, ambazo kiufundi ni rahisi, zina tatizo la sheria. London nzima tangu 29 Agosti 2023 iko ndani ya ULEZ, eneo ambalo gari za moshi mchafu zinalipishwa, dizeli isiyofika Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapotembea, wakati petroli ya Euro 4, ambazo nyingi ni za 2005 au 2006 kuja juu, haidaiwi kitu. Ujerumani kuna miji inayotaka stika ya kijani kwenye kioo, ya kuonyesha gari ina moshi mdogo. Angalia namba ya gari kwenye tovuti ya mji unaoishi kabla hujapatana bei.

Sasa magonjwa ya hizi gari, kila moja na lake. CR-V ya kwanza ina taimingi belti, ya pili (2002 mpaka 2006) ina cheni, lakini zote za foo wili zina difu ya nyuma yenye pampu mbili na oili yake ikichoka utaisikia. Kata stering mpaka mwisho ukitembea polepole kwenye maegesho, nyuma inanguruma na kutetemeka mpaka unadhani difu imekufa. Mara nyingi haijakufa, imwagwe oili na iwekwe ile maalumu ya Honda ya difu hiyo, si oili ya difu ya kawaida, na ngurumo inaondoka. Nimeona watu wanapunguziwa bei vizuri kwa sababu ya huo mlio na muuzaji wala hajui kwamba ni suala la oili tu.

Freelander ya kwanza, ya Land Rover, ni kinyume chake, ina kitu katikati ya propela kinaitwa viskasi (viscous coupling), kinapozeeka kinakaza na kinavunja gia boksi ndogo ya mbele, na ile injini ya petroli ya 1.8 inajulikana dunia nzima kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kama hujui kufungua injini mwenyewe achana nayo. Forester zenye injini ya 2.5 isiyo na turbo za kizazi cha kwanza na cha pili nazo ni gasketi, ila zenyewe mara nyingi zinaanza kwa kuvujisha nje polepole, unaona unyevu chini ya hedi, na taimingi belti yake ikikatika vavu zinagonga pistoni. RAV4 ya petroli 2.4 ya miaka ya mwanzo, nyuzi za bolti za hedi zinaweza kung'oka kwenye bloku, dalili ni kulanti (maji ya kupozea injini) kupungua na alama za kukauka nyuma ya injini upande wa ndani kabisa ambako watu hawachungulii. X-Trail T30 ya 2.5 ukiiona inakunywa oili usidanganywe kwamba ni kawaida, katalaiza (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) ya karibu na injini ikimeguka vumbi lake linaweza kurudi ndani likakwangua silinda.

Na kitu kimoja kwa zote za foo wili: tairi nne ziwe aina moja na zimelika sawa. Mbili mpya na mbili zilizochakaa zinazunguka tofauti, mfumo unafikiri tairi inateleza, unakaza muda wote, na hapo unaua kifaa cha bei kubwa kwa kubana bei ya tairi.

Ukishainunua, kabla ya redio, kabla ya rimu, mwaga kila kitu kilichomo. Oili ya injini na filta, oili ya gia, difu zote mbili na transfa kama ipo, breki fluidi (hii kila miaka 2 maana inavuta unyevu hewani), na kulanti. Kulanti naikazia. Wengi wetu tumezoea kujaza maji ya bomba kwenye rejeta na maisha yanaendelea, huku maji matupu yanaganda kwenye nyuzi 0, yakiganda yanatanuka, na yanaweza kupasua rejeta au bloku yenyewe usiku mmoja ukiwa umelala. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa unahimili mpaka karibu nyuzi 35 chini ya sifuri, tumia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na usichanganye rangi kwa kubahatisha. Ile ya zamani usiimwage kwenye mtaro, ni sumu na ina utamu unaovutia paka na mbwa, ipeleke wanakopokea taka za sumu. Taimingi belti kama hakuna risiti inayoonyesha lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa, badilisha pamoja na pampu ya maji kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Huku nje kinachokumaliza mara nyingi si spea, ni saa za fundi. Kwa hiyo jifunze kazi nyepesi, oili, filta, plagi, pedi za breki, betri, na ununue toki renchi na kiskana cha OBD, kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari, petroli za Ulaya zinakikubali tangu 2001 na dizeli tangu 2004, Marekani gari zote tangu 1996. Ila kiskana kinakuambia mfumo gani unalalamika, hakikuambii kifaa gani kimekufa. Msimbo wa hitilafu P0420 unasema katalaiza haifanyi kazi vizuri na watu wanakimbilia kununua katalaiza, kumbe ekzosi inavuja kabla ya sensa, kagua uvujaji kwanza. Na tafadhali sana, usiingize kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi mbili sehemu zenye bati nene, itikise, ndipo uingie.

Tukija kwenye kubadilisha gari, mimi naanza na tairi maana ndiyo inayobadilisha gari kuliko kitu chochote. Tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye kipande cha theluji ndani, Ujerumani tangu Oktoba 2024 tairi yenye alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haihesabiki tena kama ya baridi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, tairi ya mtumba yenye kashata nzuri na miaka 10 ni ngumu kama ubao na haishiki kwenye maji. Ukipandisha saizi usizidishe kipenyo zaidi ya asilimia 3 hivi, spidi mita itaanza kudanganya na tairi itagusa fenda ukikata kona.

Kuinua gari, sentimita 3 zinatosha kwa hizi SUV ndogo. Si Land Cruiser hizi, shafti za mbele zina pembe zake, ukiinua sana zinafanya kazi zimepinda, mpira unapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia na joint inaanza kulia tak tak tak kwenye kona. Baada ya kuinua lazima alaimenti, la sivyo tairi zinalika upande mmoja. Nchini Ujerumani springi, rimu na ekzosi za nje ya kiwanda zinatakiwa kuwa na cheti na nyingi lazima ziandikishwe kwenye hati za gari. Uingereza ni huria zaidi lakini kampuni ya bima lazima ijue kila ulichobadilisha, usipowaambia wana uwezo wa kukataa kulipa siku ya ajali. Na kung'oa DPF, najua kuna vijana wanakuja nyumbani na kompyuta wanaifuta kwenye programu, hiyo si tiba, tangu Februari 2014 gari iliyotoka kiwandani nayo ikikutwa haina inafeli MOT, na kuiendesha barabarani ni kosa.

Ukimaliza kila baridi, lipulizie chini maji yenye presha siku ambayo barafu imeisha, acha likauke kabisa, halafu puliza nta ndani ya mashimo ya bodi chini ya milango.

La mwisho, kwa wanaonunua kwa nia ya kuipeleka nyumbani baadaye. Kenya haipokei gari iliyozidi miaka 8, Uganda imefunga zilizozidi 15, Tanzania inapokea lakini gari kuukuu inatozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, na kote huko stering ni ya kulia, kwa hiyo ya Ujerumani au Marekani haikufai. Angalia mwaka kwenye kadi ya usajili, upige hesabu utakaporudi itakuwa na miaka mingapi, ndipo utoe amana.