Kuzima injini ya lori la rimoti la nitro, hatua kwa hatua

Swichi iliyopo kwenye lori la rimoti la nitro (lori dogo la kuchezea lenye injini inayotumia mafuta ya nitro) haizimi injini. Inazima risiva (kifaa kinachopokea amri za rimoti) na mota za sevo (zinazogeuza usukani na resi) tu. Injini ikishawaka haina haja ya betri: ndani ya plagi yake ya hita mna waya wenye platini, na mvuke wa methanoli ukigusana na waya huo unaufanya ubaki mwekundu mzunguko hadi mzunguko. Maadamu hewa inaingia na mafuta yanaingia, itanguruma tu, hata ukitoa betri zote. Vijana wengi wanaoletewa malori haya na jamaa zao wa ng'ambo huoneshwa namna ya kuwasha, habari ya kuzima hawaelezwi. Naiandika hapa kwa ukamilifu, kwa sababu vidole vinaungulia hapo, na injini nazo zinafia hapo.

Hatua ya 1: Andaa vya kuzimia kabla ya kuwasha

Uwe na kitambaa kizito kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, kipande cha mpini wa mbao (wa nyundo kuukuu unafaa sana), kigoda cha kuliwekea lori, na kidumu cha maji cha lita 5. Usiwashe kabla hivi vinne havijawa karibu nawe. Kisha lipindue lori likiwa limezimwa, tafuta ncha ya bomba la moshi na tundu la chini ambapo flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini) inaonekana. Ukija kuvihitaji hutakuwa na wasaa wa kutafuta.

Chagua mahali pa wazi. Moshi huu una gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, kwa hiyo vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukumbini na ndani ya duka si pahala pake. Viwanja kama vya Maisara ni vizuri, ila watoto hukimbilia. Waweke nyuma yako, mbali, na mtu mzima mmoja awasimamie. Anayezima asiwe na kitu kinachoning'inia: ncha ya kanga, mtandio, mkono mpana wa kanzu. Vikunje au vifunge.

Hatua ya 2: Lirejeshe lori na uliache lipumue

Achia resi, lilete lori miguuni pako, na uiache injini kwenye sailensa (mwendo wa chini kabisa, resi haijavutwa) kwa nusu dakika hivi. Hasa kama ulikuwa unalikimbiza kwenye mchanga wa ufukwe wa Paje maji yakiwa yamekupwa, maana mchanga laini unaichosha sana injini. Mashine hizi huweza kupita mizunguko 30,000 kwa dakika na joto lake huvuka nyuzi 100, na hiyo ni kawaida yake. Kinachodhuru ni kuikatiza ghafla ikiwa katika kasi.

Kwenye sailensa magurudumu yanatakiwa yatulie, kwa sababu klachi haijashika. Yakiendelea kuzunguka, sailensa iko juu. Irekebishe kabla ya mchezo unaofuata. Sasa liinue lori kwa kushika bampa, mikono mbali na magurudumu, uliweke juu ya kigoda magurudumu yakiwa hewani. Usiguse resi hata kidogo hapo. Injini isiyo na mzigo ikivutwa resi hupanda kasi kupita kiasi na pistoni inaweza kuvunjika.

Hatua ya 3: Izibe pumzi

Kunja kitambaa kibichi mara kadhaa, kisha kandamiza ncha ya bomba la moshi kwa uthabiti. Moshi ukikosa pa kutokea, hewa mpya haiingii, na injini hufa baada ya sekunde moja au mbili. Ikishazimika tu, ondoa kitambaa. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda kwenye tangi, kazi yake ni kusukuma mafuta kwa mgandamizo. Ukiendelea kuziba, mafuta yanasukumwa ndani ya injini na kuifurisha, na kuiwasha tena itakuwa tabu. Kidole kitupu kisitumike. Ncha ile ni ya moto na imejaa mafuta yanayonata kwenye ngozi.

Ikiwa bomba limejificha ndani ya bodi, tumia mpini wa mbao: upitishe kwenye lile tundu la chini na uukandamize kwenye flaiwili, taratibu kisha kwa nguvu. Soli ya kandambili nayo inafanya kazi hiyo, lakini iwe mkononi, si mguuni. Bisibisi ya chuma hapana. Inachubua flaiwili na inaweza kurushwa.

Wapo wanaobana mpira wa mafuta kwa vidole. Mimi siupendi mtindo huu. Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, na oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha pistoni. Ukibana mpira, injini inamalizia kwa mchanganyiko mkavu: kasi inapanda, joto linapanda, na ulainishaji unapungua palepale. Uache kwa siku ambayo njia nyingine zimeshindikana.

Na siku hiyo ikifika, yaani resi imekwama wazi na lori linavuma, usilifukuze kwa miguu wala kujitia mbele yake. Lielekeze kwenye mchanga au nyasi ndefu kama usukani bado unasikia. Likikwama, shika bampa, na papo hapo ziba bomba la moshi au funika filta ya hewa kwa kitambaa. Hapo hata kubana mpira wa mafuta ni halali.

Hatua ya 4: Swichi kwa mpangilio

Injini imekufa? Zima lori kwanza, halafu rimoti. Ukitangulia kuzima rimoti, risiva inabaki bila amri, na malori mengine hufungua resi yenyewe. Wakati wa kuwasha ni kinyume: rimoti kwanza.

Hatua ya 5: Toa mafuta, na usiyanyonye

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu ni desturi kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Kwa mafuta haya usifanye hivyo kamwe. Methanoli ikimezwa, hata kiasi kidogo, inaweza kupofusha, na ikizidi inaua. Ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa: mtu anaweza kujiona mzima, kisha baada ya saa nyingi macho yakaanza kuona ukungu. Aliyemeza apelekwe hospitali mara moja, na chupa ya mafuta iende naye. Tumia chupa ya plastiki ya kubinya yenye mdomo mrefu.

Subiri injini ipoe ndipo ufungue tangi. Moto wa methanoli mchana wa jua karibu hauonekani; utahisi joto bila kuona mwali. Methanoli inachanganyika na maji, kwa hiyo kile kidumu cha lita 5 ndicho chako: mwaga mengi, si matone. Lakini usimwagie maji injini iliyo moto kwa ajili ya kuipoza tu, chuma kitapinda.

Hatua ya 6: Ikaushe na uilaze

Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, masika ndiyo zaidi. Ukiacha mabaki ndani, beringi zinaota kutu. Tangi likiwa tupu, weka kiwashio (kifaa cha betri cha kupasha plagi) kwenye plagi, piga stati, na uiache iunguze kilichobaki mpaka ife yenyewe. Fungua plagi, tia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine kwenye tundu lake na kwenye kabureta, zungusha flaiwili kwa mkono mara kadhaa. Mafuta ya nazi na ya kupikia yasiingie humo, yanaganda na kunata. Chumvi ya ufukweni ifute kwenye chasisi kwa kitambaa cha maji baridi (yasiyo na chumvi).

Mwisho, zungusha flaiwili hadi pistoni ishuke chini kabisa. Silinda za injini hizi ni nyembamba kidogo upande wa juu, na pistoni ikipolea huko inabanwa. Ukiikuta imekwama, usiivute kwa kamba ya stati, kamba itakatika. Toa plagi, tia mafuta, isubiri kidogo, kisha ilegeze kwa kuzungusha flaiwili kwa mkono.